Leisa, printa ya 3D au CNC: ipi ikufanyie mchezo wa kanivali wa mezani?

Mchezo wangu wa kwanza wa mezani niliuchapa wote kwa printa ya 3D, na sababu ilikuwa moja tu: printa ndiyo niliyokuwa nayo. Ulikuwa mchezo wa kubingirisha gololi. Gololi inapanda kilima kidogo, inaruka, inaangukia kwenye pete zenye alama. Kuchapa vipande kulinichukua siku nne, kuviunganisha jioni nzima, na ulipokamilika gololi ilikuwa ikipita njiani inanguruma kama gari kwenye barabara ya changarawe, halafu inakwama kwenye kiungo cha kipande cha tatu. Baadaye nilipata nafasi kwenye mashine ya leisa nikakata mwili wa mchezo uleule. Kukata kulikwisha kabla chai haijapoa.

Tangu hapo sishughuliki tena na swali la mashine ipi ni bora kwa jumla. Nauliza gololi inapita wapi, inagonga nini, inatua wapi, na kila sehemu kati ya hizo inataka nini. Basi hapa nitazipambanisha mashine tatu kwenye michezo mitatu ambayo watu hupenda kuitengeneza: kilima cha kurusha mpira, ubao wa vigingi, na gurudumu la bahati. Jibu hubadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine.

Tofauti zao kwa haraka

Leisa hukata vitu bapa kwa mwali mkali wa mwanga. Printa hujenga umbo tabaka juu ya tabaka kwa plastiki iliyoyeyushwa. CNC ni mashine inayoongozwa na kompyuta, yenye biti, yaani kisu kinachozunguka kwa kasi kikichonga ubao, kama seremala asiyechoka wala kusahau kipimo. Jedwali hili lina mambo yanayoumiza kichwa kwenye michezo ya mezani tu:

| | Leisa ya CO2 | Printa ya 3D | Ruta ya CNC |
|---|---|---|---|
| Inachofanya vizuri | Plaiwudi na akriliki ya milimita 3 hadi 6 | Vipande vidogo vyenye maumbo magumu | Mbao nene, milimita 12 hadi 18 |
| Ubao wa sentimita 40 kwa 80 | Kipande 1 kwenye mashine kubwa. 6 kwenye ndogo ya milimita 300 kwa 200 | Vipande 8 kwenye kitanda cha milimita 220 kwa 220 | Kipande 1, mashine ikiwa kubwa vya kutosha |
| Muda | Dakika | Saa nyingi, hata siku | Nusu saa hadi saa kadhaa |
| Kona za ndani | Kali | Kali kiasi | Za mviringo, kwa kipimo cha biti |
| Ukikosea | Unakata tena papo hapo | Unachapa tena usiku kucha | Umepoteza ubao mzima |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio ninaoupa uzito kuliko yote. Mchezo hauwi mzuri kwa jaribio la kwanza. Utabadilisha ukubwa wa tundu, utasogeza pete, utagundua kwamba alama 50 zinapatikana kirahisi kuliko alama 10. Mashine inayokuruhusu kukosea mara tano kwa siku moja itakupa mchezo mzuri kuliko mashine sahihi sana inayokuruhusu kukosea mara moja kwa wiki.

Kilima cha kurusha mpira

Mchezo mama hapa ni Skee-Ball, ambao Joseph Fourestier Simpson wa New Jersey, Marekani, aliupatia hataza mwaka 1908. Ukiupunguza uingie mezani, sehemu yake ngumu ni moja: kile kilima mwishoni mwa njia.

Tazama hesabu yake. Mpira unaoondoka kwenye ncha ya digrii 30 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde huruka karibu sentimita 9 kabla ya kurudi kwenye kimo uliporukia. Ukiondoka kwa mita 1.5 kwa sekunde, huruka karibu sentimita 20. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, umbali umezidi mara mbili. Hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo, kwamba mkono ukizidisha kidogo tu, mpira unapitiliza. Lakini utamu huo unahitaji kilima kinachofanya kazi ileile kila mara. Kikimpunguzia mchezaji mwendo leo na kesho kikamwachia, mkono wake hautajifunza kitu, na atauacha mchezo akisema ni bahati nasibu.

Sasa, printa. Kosa nililofanya ni kukilaza kilima kama kinavyokaa mezani. Printa ikijenga mteremko kwa tabaka za milimita 0.2, inajenga ngazi. Pale mteremko unapokuwa wa digrii 10, kila kingazi kina urefu wa milimita 1.1 hivi, na gololi inazisikia zote. Dawa ni kukisimamisha kilima kwa ubavu kabla ya kuchapa. Hapo mkunjo unachorwa na noseli yenyewe, ule mdomo unaotoa plastiki, kwa ulaini, na upana wa njia ndio unaogeuka kuwa kimo. Njia ya upana wa milimita 60 inakuwa tabaka 300. Muda ni mrefu, lakini gololi inateleza. Mistari ya tabaka inabaki, ila sasa inafuata uelekeo wa gololi badala ya kuukata.

Jambo jingine kuhusu printa ni joto. PLA, plastiki ambayo wengi huanza nayo, hulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Ukiuacha mchezo ndani ya gari lililofungwa juani, utakuta kilima kimeinama kama anayesali. PETG, plastiki nyingine ya printa, huvumilia zaidi.

Leisa haijui kukunja, inakata bapa tu. Kuna njia tatu za kuizunguka hali hiyo, na zote nimezijaribu. Ya kwanza ni kukata michirizi mingi iliyosogeleana ili plaiwudi ipinde kama mkeka. Inapendeza machoni, lakini gololi inaivuka ile michirizi mmoja mmoja, tumerudi kwenye changarawe. Ukiichagua, ifunike kwa kitambaa kizito. Ya pili ni kukata umbo la ubavu wa kilima mara 20 kwenye plaiwudi ya milimita 3, ukazigundisha zote pamoja upate upana wa milimita 60, kisha ukapiga msasa. Kilima kinakuwa kizito na imara, kinakula mbao nyingi, na msasa wake hauishi. Ya tatu, ambayo ndiyo naipenda, ni kukata mbavu mbili au tatu tu zenye mkunjo sahihi, halafu kuzivika ngozi ya kadi ngumu au plaiwudi ya milimita 1. Mkunjo unatoka kwenye mbavu, ulaini unatoka kwenye ngozi, na ngozi ikichakaa unavika nyingine.

Kabla hujakata viungo vya meno vya kuunganisha mbavu na ubao, pima leisa inakula kiasi gani cha mbao. Kata vipande 10 vya milimita 20, vipange kwenye mstari, pima urefu wote. Ukipata milimita 198.2 badala ya 200, basi kila kipande kimepoteza milimita 0.18, na hicho ndicho kiasi cha kufidia kwenye mchoro. Watu huruka hatua hii kisha wanalaumu gundi.

CNC ndiyo inayotoa kilima kizuri kuliko zote, hilo halina ubishi. Kwa biti yenye ncha ya duara ya kipenyo cha milimita 6, ukisogeza milimita 0.6 kila mpito, vituta vinavyobaki kati ya mpito na mpito vina kimo cha milimita 0.015. Msasa laini kidogo, kwisha. Ukifanya haraka ukasogeza milimita 2, vituta vinafika milimita 0.17 hivi na utavihisi kwa kidole. Tena CNC inaweza kuchonga mfuo wa gololi ndani ya ubao uleule unaobeba mchezo wote, bila kiungo hata kimoja.

Halafu kuna uzito. Plaiwudi ya milimita 18 yenye ukubwa wa sentimita 40 kwa 80 ina kilo tatu na nusu hivi. Ya milimita 3 haifiki hata gramu 600. Mchezo wa kurusha unaosogea mezani kila mtu anaporusha unachosha, nami nimewahi kulazimika kuubana wa plaiwudi nyembamba kwa jiriwa mbili mbele ya watoto waliokuwa wakisubiri zamu.

Uamuzi wangu kwa kilima: ukiipata CNC na umeshajaribu vipimo vyako kwa kadibodi, chonga. Kama bado unatafuta vipimo, tumia leisa kwa mbavu na ngozi. Printa ichape kilima chenyewe tu, kwa ubavu, kiunganishwe na ubao bapa sehemu moja. Usichape njia nzima. Kila kiungo ni mahali ambapo gololi itaruka au kukwama.

Kwenye pete za alama, printa inalipiza kisasi. Pete nyepesi yenye ukuta mmoja, iliyoinama kumwelekea mchezaji, yenye mdomo mpana juu na tundu chini, huchapwa haraka, na kuibadilisha ukubwa ni kubadili namba moja. Leisa itakupa pete bapa au kisanduku cha pembe sita. CNC utakuwa unaitesa bure.

Ubao wa vigingi

Hapa sina mengi ya kubishana. Leisa inashinda.

Huu ni ule ubao uliosimama, gololi inaachiwa juu, inagonga vigingi ikishuka, inatua kwenye chumba chenye alama chini. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alikuwa na ubao kama huu katika karne ya 19 kwa ajili ya kuonyesha hesabu za uwezekano, na hesabu hizo zinakufaa wewe mwenye mchezo. Kwa safu 8 za vigingi kuna njia 256 za kushuka na vyumba 9 vya kutua. Chumba cha katikati kinafikiwa kwa njia 70, yaani zaidi kidogo ya mara moja katika kila mara nne. Chumba cha pembeni kabisa kinafikiwa kwa njia moja tu. Ndiyo maana zawadi kubwa huwekwa pembeni na mchezaji hutamani kwa macho. Hesabu hiyo ni ya kwenye karatasi. Gololi halisi hudunda, wakati mwingine huvuka chumba kizima, kwa hiyo achia gololi mara 100 uandike matokeo kabla ya kupanga alama.

Kinachotakiwa ni matundu mengi yaliyopangwa kwa usahihi. Vigingi vikisogea upande mmoja kwa milimita chache, gololi zote zitaegemea huko. Leisa inatoboa matundu yote kwa dakika chache, na inakumbuka kila nafasi. Chora tundu dogo kuliko kigingi kwa kiasi kile leisa inachokula: kwa kijiti cha milimita 3, chora milimita 2.85 au hapo karibu, ujaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza. Kwa gololi ya kawaida ya milimita 16, acha uwazi wa milimita 20 hivi kati ya kigingi na kigingi. Ukibana chini ya hapo, gololi itakaa juu ya vigingi viwili kama ndege kwenye waya.

Kifuniko cha mbele cha akriliki angavu nacho ni kazi ya leisa, ila angalia ni leisa ipi. Mwali wa CO2, wa mikromita 10.6, akriliki inaumeza na kukatika vizuri, kingo zinang'aa zenyewe. Mwali wa buluu wa leisa za daiodi, wa nanomita 450 hivi, unapita katikati ya akriliki angavu kama mwanga wa jua dirishani. Wengi hununua mashine ndogo za daiodi bila kulijua hili. Zinakata plaiwudi nyembamba na kadibodi vizuri tu, lakini kioo cha mchezo wako hazitakikata.

CNC pia inatoboa vizuri, mradi una keekee ya kipimo hasa unachotaka. Biti za kuchongea zilizo maarufu ni za milimita 3.175, na biti ya 3.175 haitoboi tundu la 3, hata uiombe vipi. Printa kwa ubao huu haifai. Ubao ni mkubwa, na vigingi vilivyochapwa vikiwa vimesimama huvunjika kati ya tabaka na tabaka gololi ya tatu ikigonga. Kata vijiti vya mbao, au tumia misumari.

Na ukweli usemwe: kwa ubao mmoja, karatasi yenye alama za matundu iliyobandikwa kwenye mbao na keekee ya mkono vinatosha. Mashine inaanza kulipa unapotaka ubao wa pili unaofanana na wa kwanza.

Mwaka 1871 Montague Redgrave alipewa hataza Marekani kwa kuweka kisukuma cha springi kwenye ubao wa namna hii uliolazwa, na kutoka hapo ndipo zilipotokea mashine za pinball. Ukitaka kisukuma hicho, basi printa inaingia tena mlangoni. Mpini, kishikizi cha springi na bomba lake ni vipande vidogo vyenye umbo, na hakuna kati ya zile mashine mbili nyingine itakayovitoa kwa urahisi huo.

Gurudumu la bahati

Sahani ya gurudumu ikate kwa leisa au CNC, yoyote iliyo karibu. Cha muhimu ni katikati. Tumia beringi ya 608, ile ya viatu vya magurudumu: tundu lake ni milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Printa ichape kitovu cha kuishikilia, tundu lake likiwa na milimita 22.1 au 22.2 kwa kuwa matundu ya printa hutoka madogo kuliko mchoro. Kwa leisa utapanga tabaka za plaiwudi mpaka zifikie unene wa 7, inawezekana, lakini beringi inakaa ikichezacheza.

Ulimi unaogonga vijiti na kutoa ule mlio usiuchape kwa PLA. Utakatika katikati ya sherehe. TPU, plastiki laini kama mpira, inapinda na kurudi, na kipande kilichokatwa kwenye chupa ya plastiki kinafanya kazi hiyohiyo.

Gurudumu likisimama mara nyingi upande mmoja, lina uzito zaidi upande unaobaki chini. Bandika sarafu nyuma ya upande wa pili mpaka lisimame popote.

Kujifunza, na yanayodhuru

Kwa anayeanza, leisa ndiyo rahisi. Inataka mchoro bapa, faili ya SVG au DXF, na programu ya Inkscape inatosha. Printa inataka umbo kamili, kwa programu kama Tinkercad au FreeCAD, kisha programu ya kulikata tabaka. CNC inataka mchoro, halafu uamue biti ipi, kina gani kwa kila mpito, kasi gani, na ubao umeshikwaje ili usirushwe. Biti zangu mbili za kwanza zilivunjika kwa sababu nilikuwa na haraka. Kumbuka pia zile kona za mviringo: jino la mraba haliingii kwenye tundu lililochongwa na CNC mpaka uongeze vijitundu vya duara kwenye kona au upige patasi.

Kwa usalama, leisa ndiyo ninayoiogopa zaidi ingawa inaonekana tulivu. Kamwe usikate plastiki ya PVC, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine. Usiondoke chumbani ikikata mbao, kwa maana moto ukianza hauchelewi. Leisa za daiodi zilizo wazi zinataka miwani ya rangi inayolingana na mwali wake. CNC ni vumbi na kelele, vaa barakoa na vizibo vya masikio, hasa kwa MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Printa ni noseli ya nyuzi 200 na zaidi, basi.

Na wachezaji je? Kama kuna watoto wa chini ya miaka 3 nyumbani, gololi si kifaa cha mchezo. Kanuni za vinyago za Marekani haziruhusu kwa umri huo mipira inayopita kwenye tundu la milimita 44.4, kwa hiyo hata mpira wa tenisi ya mezani, wenye milimita 40, haumo. Ukubwa wa mpira uamue kabla ya kuchora chochote, maana kila tundu, kila njia na kila uwazi wa vigingi unatokana nao.

Ubao ninaoutumia sasa una mwili wa plaiwudi iliyokatwa kwa leisa, umewekwa juu ya ubao mnene ili usisogee, na pete zimechapwa. Kilima nimekifunga kwa skrubu mbili badala ya gundi. Ninavyo viwili: cha digrii 30 kwa watu wazima, na cha digrii 20, chenye pete zilizosogezwa karibu, kwa watoto ambao bado wanarusha kwa mikono miwili.